Vitunguu vya Vaals na vya Namanga

Jumamosi nilipanda basi la mjini hapa Aachen, Ujerumani, nikashukia Vaals, Uholanzi, nikanunua vitunguu kwa fedha ileile niliyotoka nayo, nikarudi. Kikaratasi kwenye wavu kilisema vimelimwa Hispania. Polisi wa Ujerumani walirejesha ukaguzi wa watu mipakani mwaka 2024, lakini mizigo haikurudishiwa forodha, na vitunguu vyangu havikuulizwa na mtu.

Furaha hiyo ilinitia uchungu, kwa kuwa nilimkumbuka mjomba na shehena yake ya vitunguu vya Mang'ola pale Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Cheti cha afya ya mimea alikuwa nacho, na cha uasili wa bidhaa pia, lakini upande wa pili wakataka sampuli ipimwe upya. Siku ya tatu magunia ya chini yakaanza kuchuruzika maji, na mnunuzi wa Nairobi akaporomosha bei mpaka nauli ya lori ikala mtaji.

Wapo watakaosema nimeonja Ulaya na sasa nawadharau watu wa kwetu. Siwadharau hata kidogo. Shilingi moja ilitumika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hadi 1966, ilhali noti za yuro zilianza kutumika 2002. Ndiyo, ile ilikuwa fedha ya mkoloni. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967, yenye reli, bandari, posta na ndege za pamoja, ilikuwa yetu wenyewe, nasi tukaiacha ivunjike 1977.

Msiniambie tatizo ni barabara. Lami ipo, kituo cha pamoja cha mpakani Namanga kilizinduliwa 2018, umoja wa forodha wa Jumuiya iliyofufuliwa upo tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Kinachokosekana ni afisa wa upande mmoja kuuamini muhuri wa mwenzake. Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021 kwa ajili ya sumukuvu, hofu ilikuwa ya haki, maana sumukuvu inaua, lakini mzigo safi nao ulikwama pamoja na mchafu. Wala Watanzania tusijitakase: mwaka 2017 tuliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, hapohapo Namanga.

Mjomba hapeleki tena mzigo Nairobi. Anauzia shambani, kwa madalali wanaokuja na lori lao na bei yao.