Kifaa cha Kushikilia Kichwa cha Panya: Kuagiza Nje au Kutengeneza Arusha?

Ubongo wa panya mdogo wa maabara una uzito wa takribani gramu 0.4, ilhali wa binadamu hukaribia kilo 1.4. Kwa udogo huo, kichwa kikisogea milimita moja tu, miale ya mionzi iliyoelekezwa kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya upande mmoja huangukia tishu nyingine, na mtafiti anayechunguza athari za mionzi kwenye kumbukumbu hupima asichokikusudia. Arusha ina Chuo cha Ufundi na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kwa hiyo swali la kuagiza kifaa cha kumshikilia panya au kukitengeneza hapa hapa si la nadharia.

Wanaotetea kuagiza wana hoja nzito. Fremu za kushikilia kichwa cha mnyama zina historia tangu wanasayansi Horsley na Clarke walipoeleza ya kwao London mwaka 1908, na vijiti vya kubana kichwa kupitia masikioni pamoja na kipande cha kushika meno ya mbele vimezoeleka duniani kote. Hata hivyo, asili yake ni upasuaji: nyingi ni za metali, nayo hutawanya mionzi na kuchafua picha za CT, tena vijiti vikikazwa kupita kiasi hupasua ngoma ya sikio, madhara yasiyovumilika kwa mnyama atakayerudishwa kwenye mashine ya mionzi siku kadhaa mfululizo.

Plastiki ya printa ya 3D huathiri mionzi kidogo zaidi na hurekebishwa kulingana na ukubwa wa panya. Udhaifu wake ni kwamba aina iliyo rahisi kupatikana hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kwa hiyo haitakaswi kwa mvuke, na uchafu hujificha kati ya tabaka zake. Tena panya aliyelazwa usingizi kwa dawa hupoteza joto upesi, na asubuhi za Julai mjini Arusha hazimsaidii. Kitanda cha kumpasha joto kinachotegemea umeme pekee kitamponza siku umeme ukikatika.

Naegemea kutengeneza, kwa sharti moja. Kifaa kinacholegea hutawanya matokeo, na matokeo yaliyotawanyika hudai panya wengi zaidi, kinyume cha kanuni ya kupunguza wanyama waliyoieleza wanasayansi Russell na Burch mwaka 1959. Basi mzoga wa panya utolewe na kurudishwa kifaani mara kumi, ukipigwa picha kila mara; tofauti ya mahali kichwa kilipo ikizidi nusu milimita, kifaa kirudi karakanani, hata kama kimependeza.