Nyota ikipimwa kwa mizani mbovu

Juzi barazani Mkunazini, kijana aliyesomea fizikia alitufungulia kompyuta yake. Alikuwa akichakata data ya darubini nne za Paranal, Chile, zinazounganisha mwanga wao kupima kipenyo cha nyota. Kwa data ileile, toleo jipya la programu limempa kosa, yaani ile "kuongeza au kupunguza" inayoandikwa kando ya kipimo, mara mbili ya lile la zamani. Wenzake wanalalamika: kazi ya dakika chache sasa ni ya saa nzima, na matokeo yamepoa.

Wana haki. Kosa likikuzwa kupita kiasi, nyota hafifu iliyojibanza ubavuni mwa kubwa inafutika, na aliyeiona ataambiwa hakuona kitu. Tena si kila mtu ana mashine ya kuchota vipimo upya na kuvikokotoa mara elfu, kama toleo jipya linavyotaka.

Lakini twende Darajani. Muuza pweza ana mizani inayozidisha gramu 100. Pima pweza huyo mara mia: mtetemo wa mkono utajifuta kwenye wastani, gramu 100 zitabaki palepale. Nyota nayo ina mizani yake, yaani nyota jirani inayodhaniwa kipenyo chake kinajulikana. Ukikosea hapo, rangi zote za mwanga zimekosea pamoja. Programu inayozihesabu rangi 100 kama mashahidi 100 inaligawa kosa hilo kwa 10, na kosa lenyewe halijapungua hata chembe.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni pembetatu. Ukizipanga mbili mbili na tatu tatu, darubini 4 huzaa jozi 6 na pembetatu 4. Ukijumlisha fezi (tofauti ya hatua kati ya mawimbi ya mwanga ya darubini mbili) za jozi tatu za pembetatu moja, mtikisiko wa hewa juu ya kila darubini unajifuta wenyewe. Sijui hesabu tamu kuliko hiyo. Ila pembetatu ya nne hutoka kwenye zile tatu kwa kujumlisha na kutoa tu. Ukiipa kiti cha shahidi wa nne, kosa linashuka kwa karibu asilimia 13 na hakuna chembe ya mwanga iliyoongezeka. Huo ni uhakika wa kuokota.

Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, ilitoka na pete yenye kipenyo cha maikrosekunde 42 za tao (kipimo cha pembe ndogo mno angani), kuongeza au kupunguza 3. Timu nne zilikuwa zimeunda picha zake bila kuchunguliana. Ile 3 ndiyo inayonifanya niiamini 42.

Kwa kuchungulia data, njia ya haraka inatosha. Kwa namba ya kuchapishwa, haitoshi. Kijana aliiacha kompyuta ikikokotoa, akaenda kuswali Isha. Aliporudi ilikuwa bado, akakaa kuingoja.