Lango la Edinburgh: la kale, au la maonyesho?

Mgeni akifika ngome ya Edinburgh, huko Uskoti, picha yake ya kwanza huipigia langoni. Kila kitu kipo: handaki kavu, daraja, menomeno juu ya ukuta, na maneno ya Kilatini yanayoonya kwamba hakuna anichokozaye akasalimika. Kinachokosekana ni adui tu. Jengo hili ni la mwaka 1888, na mizinga ya siku hizo ingelifumua kabla chai haijapoa.

Wanaolibeza wana hoja, na si ya juzi. Mwaka 1877 William Morris, msanii na mwandishi wa Kiingereza, na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, wakiwapinga mafundi waliokuwa wakiyapamba yaonekane ya kale kuliko yalivyo. Kwa kipimo hicho, lango hili ni vazi la jukwaani. Sanamu zilizowekwa mwaka 1929, William Wallace, shujaa wa Uskoti aliyepigana na Waingereza, upande mmoja, na Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, upande wa pili, zikazidi kulifanya kichekesho. Bruce huyu ndiye ambaye, baada ya kamanda wake Thomas Randolph kuukwea mwamba usiku na kuwapokonya Waingereza ngome hiyo mwaka 1314, aliamuru ngome ibomolewe, adui asije akajificha humo tena. Leo amefanywa bawabu wake!

Mimi bado nalitetea. Lango hili ni la zama moja, kuanzia msingi hadi kileleni. Ukishaambiwa mwaka wake, umelielewa lote. Linaonyesha jinsi watu wa enzi ya Malkia Victoria walivyotaka kuiona Uskoti yao, na hiyo nayo ni historia.

Kinachonitatiza kiko juu zaidi, ukishapanda njia ya mawe. Hapo kuna lango la pili, lililojengwa baada ya mizinga ya Waingereza kuisambaratisha ngome mwaka 1573. Aliyelijenga ni Morton, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme mtoto, James wa 6. Hili lilikuwa la kazi: milango iliyofuatana, na fremu ya vyuma ya kushushwa kutoka juu. Lakini juu yake, miaka ya 1880, msanifu Hippolyte Blanc alipachika mnara mpya kwa fedha za mchapishaji William Nelson, na ghorofa ya juu iliyoongezwa mwaka 1584 ikatoweka.

Hapa ndipo Morris alipokuwa na haki. Ni kweli, bila Blanc lango lingebaki fupi kama kisiki, na mnara wake una umbo zuri. Ila jiwe la karne ya 16 na la karne ya 19 yamelazwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, na asiyejua hawezi kuyatenganisha. Watu hupita wameinua shingo wakiushangaa mnara, huku mioyo na nyota za ukoo wa Morton, zilizochongwa chini yake, zikipitwa bila kutazamwa.