Tampere Wanamjibu Mtoto wa Miaka 15, Mwanza Tunamtuma Akalete Viti

Binti yangu ana miaka 15 na juzi amenikera kweli. Karudi jioni kanuna, kabwaga begi mlangoni, anasema kikao cha baraza la vijana la manispaa yetu hapa Tampere, Finland, kilikuwa kirefu na cha kuchosha. Wamebishana kuhusu basi la usiku na taa za njia ya baiskeli, halafu afisa mmoja akaanza kuwasomea majibu ya hoja zao za kikao kilichopita, moja baada ya nyingine, mpaka wengine wakaanza kusinzia. "Sijui hata kwa nini nilikubali," anasema. Mimi nimeshika mwiko nasonga ugali, nikaona bora ninyamaze. Mtu mzima, mwajiriwa wa manispaa, kakaa chini kaandika majibu kwa watoto ambao hata umri wa kupiga kura hawajafika. Na huyu wa kwangu, mjukuu wa Mwanza, anaona ameonewa!

Hapa Finland hilo si hisani ya mtu. Sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 2015 inailazimisha kila manispaa, hata iliyoko porini kaskazini, iwe na baraza la vijana au chombo kinachofanana nalo, na chombo hicho kipewe nafasi ya kushiriki mipango inapoandaliwa, si ikishapita. Hawana kura kwenye baraza la madiwani. Sehemu nyingi wanaingia kwenye kamati, wanakaa, wanasema, wanatoka. Basi. Lakini sheria hiyohiyo inasema mkazi yeyote akiwasilisha hoja kwa manispaa yake lazima ajulishwe imefanyiwa nini. Mkazi, si raia. Hakuna umri uliotajwa. Asilimia 2 ya wakazi wakiisaini, inapaswa kuanza kushughulikiwa ndani ya miezi sita. Mimi mwenye pasi ya Tanzania nimeshapiga kura ya madiwani hapa, kwa sababu mgeni akikaa miaka miwili anaruhusiwa. Kura ya kwetu siruhusiwi, niko nje ya nchi. Hayo tuyaache, nikianza hapo sitamaliza leo.

Nirudi kwenye mwaka 2015, kwa sababu unanichoma. Mwaka huohuo Bunge letu la Dodoma lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania. Zanzibar walitangulia na yao ya 2013, na baraza wakaunda. Sisi wa bara tulipiga makofi, tukapiga picha, na mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alimaliza kidato cha nne akiambiwa mchakato unaendelea. Sitaki kuwasimulia zaidi, mnaijua hiyo "mchakato unaendelea" kuliko mimi.

Kabla hamjaniuliza Finland imeingiaje kwenye mambo ya Mwanza: Tampere na Mwanza ni miji dada tangu 1988. Wajumbe wamekuja huku, wa huku wamekwenda kule, wameongea mazingira, taka na maji. Nafurahi. Ila kila nikiona picha za ujumbe nahesabu vichwa vyenye mvi, halafu najiuliza ni nani aliyepanda milima ya Mabatini au Igogo kumuuliza yule kijana anayezoa taka kati ya mawe mvua ikinyesha, zisiteremkie Mto Mirongo mpaka ziwani. Yeye ndiye anajua mfereji gani huziba kwanza.

Sasa mkutano wa mtaa wetu. Mtaa siutaji, mwenyekiti ana watu wake na mimi nina mama yangu pale. Kwa sheria mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na mle ndimo mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa. Kwa vitendo mnajua. Gari la matangazo linapita au halipiti. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa mtu mwenye biashara ya maturubai. Nani anabeba viti? Vijana. Nani anafunga turubai, anashika kamba wakati upepo wa ziwa unavuma? Vijana. Kikao kikianza, vijana wanasimama nyuma wameegemea pikipiki, wazee wako mbele, akina mama pembeni kwenye kanga, na mtendaji wa mtaa anasoma taarifa kama anafukuzwa. Kijana akinyoosha mkono kuuliza ile michango ya taa za barabarani iliishia wapi, mzee mmoja anageuka: "We mtoto wa nani?"

Swali hilo ndilo linaua mkutano. Ukishatajiwa baba yako, hoja imegeuka utovu wa adabu wa familia nzima. Jioni mama anafuatwa nyumbani kuambiwa amkanye mwanawe. Mwezi unaofuata kijana anahitaji barua ya utambulisho na muhuri ili aombe kazi. Niambieni atanyoosha mkono tena?

Halafu usiku ukiingia, mambo yanageuka. Sisi watu wa kanda ya ziwa ndiko sungusungu, walinzi wa jadi, walikoanzia miaka ya 1980, na leo ulinzi shirikishi ukitangazwa ni vijana haohao wanaogongewa milango. Ana umri wa kutosha kukabiliana na mwenye panga saa nane usiku. Asubuhi akiuliza fedha za tochi, ni mtoto wa juzi.

Nasikia mmeshaanza. Mjomba wangu kwenye grupu la ukoo aliandika kabla hata sijamaliza kufikiri: "Umezoea baridi, sasa unatufundisha adabu ya Wazungu. Penye wazee haliharibiki neno." Shikamoo mjomba. Nakuheshimu, ulinilipia ada ya kidato cha pili na sijasahau. Lakini mto umejaa taka, kiwanja cha mpira kimemegwa nusu, choo cha soko kina kufuli, na wazee wapo wote, Mungu awape umri mrefu. Mbona yameharibika?

Mwingine ataniambia, dada, vijana wenyewe wa siku hizi hawana habari, wako kwenye mikeka ya kubeti na simu, mkutano hawaji hata ukiwapa soda. Huyu ndiye ananitoa kwenye reli kabisa, kwa sababu hajawahi kukaa kijiweni. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, Igoma, Nyakato, Kirumba, popote. Utakuta mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa, na daftari. Kuna kiingilio, kuna foleni ya abiria, kuna faini ya kuruka foleni na faini ya lugha chafu kwa mteja. Mwenzao akianguka, fedha ya hospitali inachangwa kabla ndugu hawajafika. Mweka hazina akila pesa anang'olewa siku hiyohiyo, bila tume. Mimi niwaambie ukweli: watoto wa Tampere hawawezi hayo. Baraza lao lina mratibu anayelipwa mshahara kuwaandalia chumba, juisi na ajenda, na bado wanachelewa. Ukiwaambia wachange kwa ajili ya mwenzao aliyevunjika mguu watakutazama kama umetoka mwezini.

Kwa hiyo anayesoma hapa akidhani nasema watoto wa Kizungu wana akili kuliko wetu, arudie kusoma. Wetu wanajua kuendesha vikao tangu wana miaka 18. Wanajua posho ni nini na imeliwa vipi. Wanachokosa ni mtu wa upande wa pili wa meza anayelazimika kujibu.

Chukueni mambo ya machinga, wachuuzi wa barabarani. Wengi wao ni vijana, na ndio wanaojua mji kwa miguu. Desemba 2018 vikaanza vitambulisho vya shilingi 20,000, tukaambiwa sasa wametambuliwa. Mwaka 2021 likaja agizo la kuwapanga nchi nzima, na Makoroboi pale katikati ya mji ikafagiliwa. Sikatai kwamba mji ulikuwa haupitiki. Mimi mwenyewe nimewahi kukanyaga nyanya za watu pale nikitafuta daladala. Sikatai pia kwamba viongozi wa machinga waliitwa vikaoni. Waliitwa uamuzi ukiwa umeshatoka, kilichobaki kujadiliwa ni tarehe na eneo. Swali la kijana wa viatu lilikuwa jepesi tu: huko mnakonipeleka, mteja anapita saa ngapi na anapanda gari gani? Mtu akikosa jibu la swali hilo, haendi sokoni kukaa na nzi. Anarudi barabarani, mgambo wanarudi, na mchezo unaanza upya. Kumuuliza mapema ingekuwa rahisi kuliko mgambo.

Mahali pekee ambapo halmashauri inamtafuta kijana kwa jina ni kwenye mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, haina riba, na tangu 2018 iko kwenye sheria kabisa. Kitu kizuri, nasema kwa kujivunia. Hapa Finland sijasikia manispaa inayokatia vijana fungu la mapato yake kwa namna hiyo. Na mnajua kilichotokea. Vikundi hewa, majina ya watu wasiojulikana mtaani, mpaka 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote. Iliporudi, hata yule aliyekopa akalipa kiungwana alikuwa ameshakaa kwenye foleni muda wote. Nauliza tu: orodha ya vikundi ingesomwa kwenye mkutano wa mtaa mbele ya wale wa kijiweni, kikundi hewa kingepita wapi? Wao wanajuana kwa majina ya utani.

Msije mkadhani huku ni peponi. Uchaguzi wa manispaa wa 2021 hapa, wenye haki ya kupiga kura waliojitokeza ni kama asilimia 55 tu, na vijana ndio wavivu wa kwanza. Majirani wa ghorofa yangu tumeishi miaka bila kujua nani kafiwa. Na majibu yenyewe wanayopewa watoto mengi ni "hapana": bajeti haitoshi, itaangaliwa katika mpango ujao, suala hili liko chini ya mamlaka nyingine. Binti yangu ana haki ya kusinzia. Lakini hiyo "hapana" imeandikwa, ina jina la afisa, ina sababu, na mwakani mtoto mwingine ataichukua na kusema, mlituambia bajeti, bajeti mpya hii hapa. Sisi hatukatazwi, sisi hatujibiwi. Huwezi kukata rufaa dhidi ya mtu aliyenyamaza.

"Finland watu milioni tano na kitu, sisi tuko milioni 61 kwa sensa ya 2022, unalinganishaje?" Silinganishi nchi, nalinganisha mtaa na mtaa. Mtendaji wa mtaa wetu hahudumii milioni 61. Na kama ni hesabu, zitupe aibu zaidi: huku zaidi ya mmoja kati ya watano amevuka miaka 65, na bado wanawatafuta watoto wachache walio nao wawaulize. Kwetu karibu nusu ya watu hawajafika miaka 18, tunawaita taifa la kesho. Kesho yenyewe tulianza kuambiwa mimi nikiwa na umri wa binti yangu.

"Basi rudi ugombee." Hili nalo nalitegemea, huwa halikosi. Ukitaka uenyekiti wa mtaa lazima uwe mkazi wa mtaa huo, kwa hiyo nikija na begi langu la uwanja wa ndege mtaniengua, na mtakuwa sahihi. Isitoshe nyie mlioko hapo mnajua fomu za uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na 2024 zilivyokwenda, wagombea wengi wakaenguliwa. Sitafuti cheo. Nataka kitu kidogo kisichohitaji mfadhili wala semina ya siku tatu hotelini na posho: karatasi. Kijana akiuliza swali kwenye mkutano, mtendaji aliandike na aandike jibu, hata likiwa hapana, abandike kwenye ubao wa ofisi ya mtaa pale panapobandikwa matangazo ya viwanja na tarehe za chanjo, kabla ya mkutano unaofuata. Peni ipo. Gundi hata ya ugali inafaa.

Kama mtaani kwenu tayari linafanyika, na ninaamini wako watendaji wanaofanya kimyakimya bila sifa, piga picha ubao huo unitumie. Tarehe ionekane. Nitaiweka hapahapa, na mjomba nitampelekea ya kwanza.