Kabla ya Kuhesabu Nyota, Uliza Ufukwe Unatazama Wapi

Orodha za "hoteli kumi bora za ufukweni Karibiani" zimeanza tena kusambaa, na kama kawaida zinasifia kila kitu isipokuwa bahari. Utasoma habari za mito ya kulalia, bwawa linaloanzia mlangoni mwa chumba, mpishi aliyefunzwa Ufaransa. Neno mwani hulioni. Hoteli za Punta Cana zinapangwa bega kwa bega na za Negril, za Tulum na za Grace Bay, kana kwamba maji ya kote huko ni mamoja. Mtu anayelipa dola 700 kwa usiku, kwa siku saba, akiifuata orodha hiyo mwezi Julai, anaweza kufika akakuta ufukwe asioweza hata kutia mguu. Linaniudhi kweli, maana dakika kumi za kutazama ramani zinatosha kumwokoa.

Manahodha wa pwani yetu wana maneno mawili yanayotosha kuchagulia hoteli: joshini, upande unakotoka upepo, na demani, upande unakoelekea. Kwetu upepo hugeuka. Kaskazi ikiisha kusi inaingia, na ufukwe mmoja una miezi yake ya raha na miezi yake ya tabu. Karibiani upepo haugeuki hivyo. Unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo upande wa joshini wa kisiwa ni uleule Januari hadi Desemba. Barbados inaonyesha vizuri. Bathsheba, mashariki, bahari inachemka na wanaokwenda ni wateleza mawimbi. Vuka kisiwa kwa gari, mwendo usiofika saa moja, ufike Saint James upande wa magharibi, ukute maji yametulia kama ya birika. Kisiwa kimoja, siku moja, na hoteli za pande zote mbili zinajiita za ufukweni.

Sasa mwani wenyewe. Tangu 2011 mwani wa kahawia uitwao sargasamu umekuwa ukifika Karibiani kwa wingi ambao wavuvi wa huko hawakuwa wameuzoea. Mkanda wake unatanda Atlantiki kutoka karibu na Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko, na Mei 2025 Chuo Kikuu cha South Florida, kinachoufuatilia kwa setilaiti, kilikadiria zaidi ya tani milioni 37, kiasi ambacho hakikuwahi kupimwa kabla ya hapo. Upepo na mikondo vinausukuma magharibi. Kwa hiyo fukwe zinazotazama mashariki na kusini mashariki ndizo zinazopigwa kwanza: Bávaro na Punta Cana katika Jamhuri ya Dominika, Playa del Carmen na Tulum nchini Meksiko, pwani za mashariki za Saint Lucia na Barbados. Msimu huanza Machi au Aprili, hushika kasi Juni na Julai, hupungua kuelekea Oktoba.

Asidhani mtu kwamba ni mwani kama ule unaoanikwa Paje na Jambiani ukauzwa kwa kilo. Ule hufungwa kwenye kamba ukalimwa. Huu huelea tangu kuzaliwa kwake, una vibofu vidogo vya hewa kama punje za pilipili manga vinavyopasuka ukivikanyaga, na hufyonza aseniki, hivyo haufai kuliwa. Ukishatupwa pwani ukakaa siku mbili tatu juani, huoza na kutoa gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza. Hapo ndipo likizo inapoharibika. Gesi hiyo hugeuza mkufu wa fedha kuwa mweusi, hula shaba ndani ya viyoyozi hadi vinaacha kupoza, na mwenye pumu hapati usingizi. Vyumba vya chini vilivyo karibu kabisa na maji, vile vya bei ya juu kuliko vyote, ndivyo vinavyoivuta kwanza.

Kwa hiyo fungua ramani ya setilaiti, usiende kwenye tovuti ya hoteli. Tafuta jengo, kisha angalia ufukwe wake unatazama upande gani. Ufukwe ukitazama magharibi au kaskazini magharibi, endelea. Ukitazama mashariki, tafuta mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mbali na pwani. Huo ni mwamba wa matumbawe. Mwamba hutuliza maji, lakini usidanganyike, hauzuii mwani, kwa sababu mwani hupita juu. Madoa meusi ndani ya maji ya samawati ni nyasi za bahari au mawe, na hapo utahitaji viatu vya majini. Halafu rudisha picha za setilaiti miaka kumi nyuma uone mchanga ulikuwa na upana gani. Kusini mwa Seven Mile Beach, Grand Cayman, ufukwe maarufu kabisa, mchanga umeliwa hadi mawimbi yanagonga kuta za majengo, na jina la ufukwe peke yake halikuambii hilo.

Baada ya ramani, picha za wageni. Zipange kwa tarehe, utafute za mwezi uleule unaokwenda, mwaka jana na mwaka juzi. Picha za hoteli huwa za msimu safi, na Februari haikwambii lolote kuhusu Julai.

Kisha waandikie hoteli, na usiulize "kuna mwani?", maana utajibiwa kwamba hali hubadilika. Uliza ufukwe unasafishwa kuanzia saa ngapi, kwa reki au kwa trekta, na mwani ukitolewa unapelekwa wapi. Uliza kama kuna kizuizi cha maboya baharini na kiko umbali gani. Omba picha ya ufukwe iliyopigwa asubuhi hiyo. Kizuizi cha maboya husaidia bahari ikiwa shwari. Mawimbi yakikua mwani hupita chini na juu yake, na kisipotolewa uchafu kila siku hulemewa na kukatika. Trekta nalo lina gharama ambayo mgeni haioni. Kila koleo la mwani huondoka na mchanga, magurudumu hushindilia ufukwe, na mayai ya kasa yaliyofukiwa hapo husagika. Hoteli inayotumia watu na reki inastahili pesa yako kuliko inayojisifu kwa mitambo mikubwa.

Nakubali demani si kinga ya kila kitu. Desemba hadi Machi mawimbi marefu kutoka dhoruba za Atlantiki ya kaskazini hupiga fukwe zinazotazama kaskazini, na siku kadhaa hupita bendera nyekundu ikiwa juu. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilitoka magharibi kwenda mashariki, kinyume cha desturi, kikabomoa pwani zilezile zilizodhaniwa salama. Na upepo wa demani hutoka nchi kavu kwenda baharini: maji yanaonekana laini, lakini mtoto aliyelala juu ya boya la kupuliza husukumwa nje taratibu bila mtu kushtuka. Aruba, penye upepo mkali, hili ni la kuangalia kila dakika.

Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari zaidi ni katikati ya Agosti hadi Oktoba. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini sana na hupigwa kwa nadra. Jamaika haina bahati hiyo; Melissa ilitua huko 28 Oktoba 2025 ikiwa kimbunga cha daraja la 5, na upande wa magharibi wa kisiwa ndio ulioumia zaidi. Bima inunue siku unapolipa malipo ya awali, kwa sababu dhoruba ikishapewa jina, kwa kawaida bima mpya haiigusi.

Bei iliyotangazwa si bei. Turks na Caicos kuna kodi ya utalii ya 12%, na hoteli nyingi huongeza 10% ya huduma, hivyo zile dola 700 zinakuwa 854 kabla hujanywa maji. "Mandhari ya bahari" si sawa na "mbele ya bahari". Omba namba ya jengo na ghorofa. Saint Lucia, uwanja mkubwa wa ndege uko kusini kabisa na hoteli nyingi ziko kaskazini, saa moja na nusu ya kona za milimani. Mwenye watoto ajipange.

Neno "ufukwe binafsi" nalo nalichukia. Barbados fukwe zote ni za umma, na hoteli inayokuuzia faragha ya mchanga inauza kisicho chake. Jamaika sheria ya 1956 haikuwapa wananchi haki ya jumla ya kuufikia ufukwe, na wapo watu wa huko wanaopigania kuogelea mahali walipoogelea babu zao. Waliokulia Diani au Watamu wanajua uchungu wa kukuta ukuta kwenye njia ya kwenda baharini. Uliza hoteli wenyeji wanapita wapi kufika majini. Jibu likiwa njia yenye jina, mahali pa kuegesha gari na bomba la kujisuuza, hapo pana majirani, na kwa kawaida pana pia samaki wa kuchoma kwa bei ya binadamu.

Wenye pasipoti za Kenya au Tanzania, Barbados haihitaji viza. Njia ndiyo inayokwamisha: ukipitia Miami au New York utatakiwa viza ya Marekani hata kama unabadilisha ndege tu, na ukipitia London huenda ukatakiwa ya kupita. Angalia njia ya ndege kabla hujalipa chumba kisichorudishwa pesa.