Injini Namba 14

Mama yangu, aliyeko Tanga, anajua kwamba nafanya kazi ya ndege Marekani. Sijamdanganya. Yeye ndiye hakuuliza kazi gani.

Kazi yangu hasa ni stika: herufi kwenye vioo vya saluni, bei za taco kwenye magari ya chakula, namba za simu ubavuni mwa malori. Kila Jumamosi lakini najitolea kwenye makumbusho madogo ya ndege pembeni mwa Houston, na sababu ni Dakota, ndege ya zamani ya injini mbili. Baba yangu mdogo aliwahi kupanda Dakota ya East African Airways, kabla shirika halijafa mwaka 1977, na hadi leo anasimulia safari ile kama mtu aliyekwenda mwezini, akiruka tu sehemu ya kutapika. Siku niliyoiona Dakota pale makumbusho nilisimama nikaitazama kama mtu aliyekutana na shangazi yake kituo cha basi ugenini.

Tarehe 8 Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl. Kilikuwa cha daraja la 1, la chini kabisa, kwa hiyo tulikidharau. Wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme. Pale makumbusho ndege hazikuguswa, ila bati kadhaa za paa ziling'oka na mvua ikashuka moja kwa moja juu ya maonyesho. Vibao vya maelezo, vile vya karatasi iliyobandikwa juu ya ubao wa povu, vilikuwa vimeumuka kama maandazi yaliyozidishwa hamira. Vingine vilikuwa vimeshaondoka. Kilichokwenda mbali kuliko vyote ni kibao cha parashuti. Tulikikuta juu ya paa la choo.

Msimamizi wetu ni fundi ndege mstaafu, tunamwita Mzee. Hata Wamarekani wenzake wanamwita hivyo tangu nilipowafundisha. Akanipa kazi ya kutengeneza upya vibao vyote 40, nami nikamvuta jirani yangu Mkenya aje anisaidie, kwa ahadi ya pilau.

Siku ya kwanza tulianza na injini. Ni Pratt & Whitney R-1830, aina ya zile zinazofungwa mbili kwenye Dakota: silinda 14 zilizopangwa safu mbili za duara, nguvu za farasi 1,200. Mzee akafungua plagi za silinda za chini, maji yakachuruzika yana rangi ya chai ya mkandaa.

"Wee, hii kitu imekunywa maji ngapi?" jirani akauliza.

(Kiswahili chake nimekizoea. Zamani nilikuwa namsahihisha, siku hizi nanyamaza, maana gari ni lake.)

Injini ikasukumwa karakana kunyunyiziwa mafuta isije ikashika kutu. Hili nililiona kwa macho yangu mawili. Naomba mlikumbuke, maana mimi nililisahau.

Waliokuja kukausha jengo walituletea feni. Ukisikia feni usifikirie ile ya mezani. Hili lilikuwa pipa la chuma la kijivu lililolala ubavu, kimo chake kifuani kwangu, mapanga ndani, wavu mbele. Waya wake ulipitia kwenye kidude kinachonusa unyevu wa hewa: hewa ikiwa kavu feni linanyamaza, unyevu ukizidi linajiwasha. Likawekwa mahali palipokuwa na injini, kwa sababu tundu la paa lilikuwa juu yake na soketi ilikuwa karibu.

Mimi nilikuwa na utaratibu wangu, na nilijivunia sana. Sakafuni nilibandika utepe wenye namba, 1 hadi 40, na nyuma ya kila kibao nikaandika namba yake. Stika yenyewe haina haraka: unanyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, unailaza, unaitelezesha hadi ikae sawa, kisha unakamua maji kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Kipovu kikibaki unakichoma kwa sindano. Vibao vikatoka vizuri hata nikavipiga picha nimtumie Mama. Nilitakiwa kuvikaza kwenye vishikio kwa skrubu, ila skrubu zilikuwa bado njiani, nikaviegemeza tu.

Ijumaa usiku, kesho yake tunafungua. Upande ule taa zilikuwa hazijarudi, jirani ananimulikia kwa simu, mkono wa pili uko kwenye pilau. Nilikuwa na usingizi. Tukafika namba 14. Mbele yangu kitu cha duara, kina mapanga nyuma ya wavu. Kibao kinasema injini, silinda 14, na nafasi nayo ni ya 14. Nikaona hata hesabu inanikubali. Nikalifuta vumbi. Nikalizungushia kamba ya kuzuia watu. Nikaongeza kijibao cha USIGUSE.

Asubuhi wageni wakaja. Babu mmoja alimshika mjukuu wake mkono, mtoto wa miaka minane hivi, akamwonyesha wavu. "Hewa inaingilia hapa," akamwambia. Na kweli, hewa inaingilia pale. Baba mmoja alisoma kibao, akachungulia, akauliza silinda 14 ziko wapi. Mkewe akamjibu, "Ziko ndani." Wakapiga picha. Mimi nilipita pale mara mbili, kifua mbele.

Saa tano Mzee akaingia na mama aliyetulipia bati za paa, mama wa heshima zake, kofia pana kama ungo. Ili aone ndege vizuri wakafungua ile milango mikubwa ya banda. Hewa ya Houston ya mwezi wa saba unaweza kuikamua kama kitambaa. Ikaingia.

Mzee akafika namba 14, akasimama. "Nani ameweka kamba hapa?"

Sikuwahi kujibu. Kidude kilikuwa kimeshanusa.

"Imewaka!" mtoto akapiga kelele. Watu wakapiga makofi. Makofi hayakudumu, maana feni liliwaelekea kina 15, 16 na 17, na vibao vilianza kuondoka kimoja baada ya kingine kama kunguru waliotupiwa jiwe. Kibao cha ndugu Wright, kinachoeleza kwamba tarehe 17 Desemba 1903 safari yao ya kwanza ilichukua sekunde 12, nacho kilijitahidi: sekunde 3 hivi. Mstari wake wa mwisho unasema kwamba siku ileile, baada ya safari ya nne, upepo uliipindua ndege yao ikavunjika. Mstari huo niliubandika kwa mikono yangu, bila kujifunza kitu.

Kofia ya mama mfadhili ikapanda juu ya bawa la Dakota, ikakaa.

"Zima hii kitu! Zima!" jirani alikuwa chini anatafuta soketi. Mimi nilikuwa nimenaswa na kamba niliyoifunga mwenyewe.

Likazimika. Kimya. Mzee akainama, akaokota kibao namba 14, akakisoma chote polepole, kwa sauti, hadi kwenye farasi 1,200. Akalitazama feni. Akanitazama mimi.

"Na Dakota inahitaji mawili ya hivi?"

Mama mfadhili ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka akashika ukingo wa kiti. Kofia tuliishusha kwa ngazi.

Skrubu zilifika Jumatatu. Injini halisi ikarudi mahali pake katikati ya wiki, imeng'arishwa, silinda zote 14 unaweza kuzihesabu. Jumamosi yule mtoto akaja tena, safari hii na wenzake wawili, akawaleta mbio hadi kwenye kamba. Wakasimama. Wakasubiri. Akaizunguka injini nzima, kisha akaja kunivuta shati.

"Ile nzuri mmeipeleka wapi?"