Sikuchoma Lori

Sikuchoma lori. Naanza na hilo kabisa, kwa sababu ile video ya sekunde 40 inazunguka kwenye magrupu kama sadaka, na jana imefika hadi kwa mjomba wangu Makambako. Kanipigia kuuliza kama kampuni itanidai lori zima au kichwa peke yake.

Aliyeisambaza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Tanga. Juu yake kaandika: "Mkinga wa Makete achoma lori Marekani ili ale mbuzi." Hapo kuna uongo mara mbili. Lori halikuungua. Na haikuwa mbuzi.

Mnaonifuatilia siku nyingi mnaujua mdomo wangu kwenye suala la baridi. Kwetu Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Juni na Julai, barafu inalala kwenye majani, na kule Kitulo asubuhi nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Nimekwenda shule peku kwenye hali hiyo. Basi nilipohamia huku Fargo, North Dakota, nikamkuta shemeji kavaa makoti matatu na soksi mikononi juu ya glavu, nilimcheka mbele ya watoto wake. Halafu akanikalisha sebuleni kunifundisha kuendesha malori ya huku wakati wa baridi. Nikamsikiliza kama abiria wa Mbagala anavyomsikiliza mhubiri wa kwenye daladala.

"Bwana shemeji," akasema, "dizeli ina nta ndani yake. Ni kama mafuta ya nazi ya mama. Kaskazi ni maji, kipupwe kikiingia unayachimba kwa kijiko. Hii dizeli ya kawaida, namba mbili, ikifika kama nyuzi 10 chini ya sifuri inaanza kufanya ukungu, ikizidi hapo nta inaziba filta. Sasa ukitoka kusini usije na mafuta ya kusini. Simama njiani ujaze mchanganyiko wenye namba moja, ile isiyoganda haraka, na umimine dawa yake ya kuzuia kuganda mapema, yakishaganda dawa hiyo haisaidii. Na usiku ikishuka sana, usizime injini. Wala usiiache kwenye sailensi, ile ya kunguruma bila kukanyaga mafuta, ya mizunguko 600 kwa dakika, kwa baridi ile itanguruma huku inapoa. Ipandishe hadi 1,000 na kitu, na ufunike grili."

Nikasema sawa shemeji. Nikaendelea na visheti vyake.

Wiki iliyopita nilipakia Oklahoma. Kule jua, nyuzi 12, watu na fulana. Mafuta bei nzuri. Nikajaza matangi yote mawili mpaka shingoni, kama lita 900, nikapanda nayo Kansas, Missouri, Iowa, South Dakota, nikiwapita wenzangu waliosimama vituoni na vichupa vyao vya dawa. Nikawahurumia. Nilimpigia hadi mke wangu kumwambia mumeo ametoka Oklahoma mpaka North Dakota bila kugusa pampu. Akasema hongera. Mke wangu naye hakujua.

Usiku nikalala kituo cha malori kaskazini ya Fargo, kando ya barabara kuu ya I-29. Dashibodi inasoma 27 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, ambayo kwa nyuzi zetu ni kama 33 chini ya sifuri. Malori zaidi ya 50 yamejipanga na yote yananguruma. Ndipo ukinga wangu ukaanza kupiga hesabu. Lori lililosimama linakunywa kama lita 3 kwa saa. Saa 9 za kulala, lita 27. Kwetu lita 27 ni safari, hapa nizichome kwa kukoroma? Na kampuni inatoa bonasi kwa dereva asiyenguruma bure. Na kitandani kuna kihita kidogo chenye kichomeo chake, kinakunywa kidogo kama kunguru.

Nikazima. Kukawa kimya kama kanisani Jumatatu. (Wewe unayetaka kuandika "si uliambiwa usizime?", subiri, kuna wakubwa zako wameshaandika.)

Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na pua. Ilikuwa inauma. Kihita kilikuwa kinajaribu kuwaka, kinasema tik, tik, tik, halafu kikanyamaza, kwa sababu na chenyewe kinakunywa kwenye tangi lilelile. Pumzi yangu ya usiku mzima ilikuwa imeganda kwenye kioo, kwa ndani.

Nikapiga stata. Ng'waaa. Ng'waaa. Ng'waaa. Ikashika! Ikanguruma vizuri kabisa, na mimi nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko baridi. Nikachukua simu nikamtumia shemeji sauti: "Shemeji! Lori limelala usiku mzima nimelizima, na asubuhi limeitika mara moja. Mwambie dada yako Mkinga hashindwi!"

Dakika mbili. Injini ikashuka. Ikapanda. Ikakohoa. Ikafa. Kumbe yalikuwa yale mafuta machache yaliyobaki mbele ya filta, yakaisha, na nyuma yake hakuna kinachopita. Nikakimbilia kufuta ile sauti. Tiki mbili za bluu.

Simu yake ikaingia hapohapo.

"Uliweka dawa?"

"Bado."

"Ulizima?"

Nikamwambia simu inakatakata.

Akasema usiguse kitu, ita fundi, vaa kila nguo uliyonayo. Fundi nikamwita. Akasema ana watu saba mbele yangu, nimtegemee baada ya masaa manne. Ndani ya lori kumeanza kuwa friji. Na hapo ndipo kumbukumbu ya nyumbani ikanijia, na naomba mnielewe, iliingia kama ufunuo: Fuso la baba mdogo. Kila asubuhi ya Juni utingo wake alikuwa anasukuma jiko la mkaa chini ya injini, oili inalainika, Fuso linawaka. Nimeliona kwa macho yangu miaka na miaka. Na mimi kwenye boksi la pembeni nina jiko dogo la kuchomea nyama, na nusu mfuko wa mkaa.

Kuliwasha tu kulikuwa ni kazi ya pili. Kiberiti cha gesi hakitoi hata mwali wenye maana, maana gesi yenyewe kwa baridi ile haitaki kupanda. Nilikitia kwapani nikakaa nacho hivyo kama dakika tano, dereva wa lori la jirani ananitazama, namtabasamia. Kikawaka. Jiko nikalisukuma chini ya filta. Filta, narudia, si tangi. Ni kweli tangi liko hatua moja kutoka hapo, lakini hatua ni hatua.

Upepo ukawa unalizima. Nikaingia ndani nikatoa kanga ya mke wangu, ile ninayotumia kama pazia la kitanda, nikaitundika pembeni kuziba upepo. Imeandikwa "Lisemwalo lipo." Sikuliona hilo wakati ule. Naliona sasa.

Mkaa ukashika. Jamani, ulishika! Mnajua mkaa ukishika ule wa kuwa mwekundu hadi katikati, hauna moshi wa fujo, una joto la kukaa. Nilikuwa nimechuchumaa, naupepea kwa mfuniko wa hotpoti. Sijala tangu Sioux Falls. Fundi bado. Moto unapotea bure. Na kwenye kijifriji changu kulikuwa na nyama iliyotiwa tangawizi na ndimu tangu Jumapili.

Ilikuwa ng'ombe.

Mishkaki minne tu. Shemeji anasema kumi, ni uongo wa tatu.

Sasa tufike pale. Mafuta ya nyama yanadondoka kwenye mkaa, moshi mweupe unapanda, unaikuta kanga, unazunguka, unatokea juu ya boneti. Mimi niko chini siuoni. Nasikia king'ora kwa mbali. Nikasema moyoni, masikini, kuna mtu huko kapatwa na jambo. Nikageuza mishkaki. King'ora kikasogea. Nikasema na baridi hii, Mungu amsaidie. Nikatafuta chumvi. Theluji iliyonizunguka ikaanza kuwa nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, na nikainua kichwa nikitaka kuona ni lori la nani.

Gari la zimamoto lilikuwa limesimama mita kumi kutoka usoni kwangu. Wakashuka wanne. Wa mbele ni jitu, ndevu zimegandia barafu, kila hatua theluji inalia krich, krich, krich. Hakukimbia. Bora angekimbia. Alikuja polepole kama mtu anayeogopa kuamini anachokiona. Akapiga goti. Kwa vidole viwili, taratibu, kama anamfunua bibi harusi, akainua kanga.

Akaona jiko. Akaona mishkaki minne. Akaniona mimi, nimechuchumaa, kofia mbili, blanketi mabegani, kopo la chumvi mkononi.

Hakuna aliyesema neno. Tone la mafuta likadondoka. Chwiii.

"Bwana," akasema, "hicho ni chakula?"

Nina miaka sita hapa. Kiingereza changu kimenipitisha mtihani wa leseni na usaili mara mbili. Asubuhi ile kilinikimbia chote, likabaki lile neno ambalo mama yangu alilitia kwenye damu, ambalo mtu wa kwetu hulitamka akikutwa anakula hata kama aliyemkuta ni mwizi:

"Karibu."

Na nikamsogezea mshikaki. Nilimsogezea! Mkono ulinyooka wenyewe.

Akautazama mshikaki. Akalitazama tangi. Akanitazama. Akauliza humo kuna mafuta kiasi gani. Nikasema kama lita 150. Halafu, ili kumtuliza, nikaongeza: "Lakini yameganda."

Mmoja wa nyuma akageuka akaenda kusimama nyuma ya gari lao. Mabega yalikuwa yanatikisika. Yule mkubwa akagusa kanga akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia ni sala.

Pengine yangeishia hapo baina yangu na zimamoto. Lakini kati ya malori yale yote 50, katika jimbo zima la North Dakota, nyuma yangu ikapasuka sauti: "Eh yaya! Uko nafanya nini? Huyu ni mutu wetu!" Dereva wa Bukavu, simu juu, taa inawaka. Nikamwomba kwa jina la Ziwa Tanganyika, ambalo ni letu sote, asiirushe. Akasema hapana yaya, nitamtumia rafiki yangu mumoja tu, naye ni mutu wa Tanga.

Basi. Jiko lilibebwa kwa koleo ndefu likatupwa kwenye theluji, pssss. Nilipewa onyo na kikombe cha kahawa. Fundi alifika saa nne asubuhi, akabadilisha filta, akamimina dawa ya kufungulia, akapuliza joto chini kwa mashine yake ya kistaarabu, injini ikawaka. Nilipotaka kuondoka matairi mawili ya trela yakawa yanaburuzwa hayazunguki, breki zimegandia ngoma, akanipa nyundo. Nikagonga. Mzigo ulichelewa masaa tisa. Bili ya fundi imekula bonasi yangu ya kutonguruma mpaka mwezi wa tano. Kampuni imetaka maelezo kwa maandishi na nimeandika "kifaa cha kupasha joto," na hayo mengine mtayaona kwenye video.

Shemeji amebadilisha jina la grupu la familia. Sasa linaitwa "Ilikuwa Ng'ombe." Na kila nikipiga simu ananipokea kwa neno moja: "Karibu."

Mke wangu hakucheka hata kidogo, na kwa dakika moja nikadhani nimepata wa kunitetea. Akaniuliza kanga yake iko wapi, maana doti ni mbili na yeye anayo moja. Nikaitoa nyuma ya kiti. Ilikuwa bado inanuka ndimu. Kona moja moto uliipata, na pale penye neno la mwisho pana tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Akaitandaza mezani, akasoma kilichobaki kwa sauti:

"Lisemwalo."

Kisha akachukua simu yake akaipiga picha, na mpaka naandika hapa sijui kaituma wapi.